Watu Mia Mbili wa Kilimani

Hakuna aliyekuwa akimngoja. Aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama, akatua kwenye dimbwi mbele ya cherehani ya Tusekile, akavitazama viatu vyake vyeupe kana kwamba soko zima ndilo lililovichafua.

"Naitwa Brayan, napanga vituo vya kuchukulia vifurushi," alisema. "Ninyi ndio mlioomba kabati la vifurushi?"

Juu ya lori lilisimama kabati la chuma lenye milango arobaini. Mteja angetumiwa namba, angefungua mlango wake na kuchukua mzigo. Pikipiki zisingechoma tena mafuta kutwa nzima kwa kifurushi kimoja kimoja. Lakini kabati lilikuwa moja tu kwa kata nzima.

Kila vitambaa vyake vilipofika mjini Mkwajuni, Tusekile alifunga kazi siku nzima kuvifuata.

"Liweke hapa hapa, kaka. Watu wote tuko hapa."

Brayan alicheka, akainua kishikwambi chake. "Ramani hii inasoma simu, mama, haisikilizi maneno. Saa hizi sokoni kuna watu watatu."

Mwenye mkokoteni wa viazi alimsukuma apishe njia. Wachuuzi wakaangua kicheko.

"Tuhesabu na mbuzi, kaka, tutafika wanne!"

"Chekeni tu. Pale kilimani wapo mia mbili. Kila siku, asubuhi hadi jioni, na wala hawatangatangi. Wateja watulivu hivyo nitawapata wapi?"

"Kule anaishi babu Hezron," Tusekile alisema. "Peke yake."

"Ndiyo maana mnabaki nyuma. Mnahesabu kwa macho."

"Haya, twende. Na usipowakuta?"

"Kabati linashuka sokoni kwako. Na viatu hivi nakuvulia pale pale, uvichukue."

"Umeahidi mbele za watu."

"Toa simu unirekodi kabisa!"

"Sina hapa. Nitaipata jioni."

"Hata simu hamna, halafu mnataka kabati!" Brayan alisonya, akapanda lori, Tusekile nyuma yake.

Lori lilikwea likinguruma, likipita nguzo za umeme ambazo bado zilikuwa zikisubiri nyaya. Juu kabisa palikuwa na nyumba moja, paa lake liking'aa juani. Hapakuwa na mtu uani. Brayan alibisha hodi kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Babu Hezron alifungua mlango, akautazama mkono mtupu wa mgeni.

"Iko wapi? Andika jina kwanza, mjukuu wangu, zisije zikachanganyikana."

Nyuma yake, kwenye rafu zilizojaa ukuta hadi ukuta, simu mia mbili zilikuwa zimelala kwenye chaja za umeme wa jua, kila moja na kikaratasi cha jina. Ya Tusekile ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni.

Brayan alizihesabu mara mbili. Kisha akaketi kizingitini, akaanza kufungua kamba za viatu.