Mlangilangi wa Vuai

"Shoga, huo mlangilangi mumeo kautoa wapi?" Bi Msimu, jirani yangu, aliniuliza zamani. Nikamjibu, "Kwa Mungu." Alicheka mpaka kanga ikamwanguka begani.

Marehemu Vuai alikuwa mtunzaji wa bustani ya miti ya serikali. Wiki ya harusi yetu alikata kitawi huko, akakificha ndani ya mkono wa kanzu, akakipanda uani. Miaka arubaini nimekuwa nikikunja maua yake ndani ya mswala wangu.

Bustani ile ilikauka yote. Sasa inafufuliwa, na sheria inataka kila mti uliotokana nayo urudi. Watu wa bustani wana kidude, kikigusishwa jani tu kinataja mti ulikozaliwa. Mimi sikukingoja. Nilikwenda kusema mwenyewe, maana sitaki Vuai alale kaburini na cha watu.

Leo wamekuja na winchi. Zumra, msimamizi wao, aliona nilivyoukumbatia mti.

"Bibi, utakuja kuunusa bustanini. Mara moja kwa mwezi wanaruhusu."

"Basi nikatie kitawi kimoja, mwanangu."

"Kitawi nacho cha bustani, bibi. Hata jani."

Wakaupakia, wakaondoka nao. Uani limebaki shimo. Nikatia udhu, nikatandika mswala niswali adhuhuri, na harufu bado imo.

Zumra akarudi peke yake. Alichomoa kitawi kibichi ndani ya mkono wa baibui lake, akakilaza juu ya mswala wangu, akatoka.