Kifungo Chekundu

Kwa Tunu, fundi cherehani, karata zilichezwa kwa vifungo. Alasiri hiyo Lusajo, mgane wa nyumba ya pili, aliishiwa vifungo akiwa na karata nzuri mkononi. Alichukua mkasi wa Tunu, akakata kifungo cha mwisho cha koti lake, akakisukuma katikati.

"Naweka vyote."

Sikujua, muuza mkaa, alicheka. "Mzee mwenzangu, hicho kimoja ndicho vyote? Mimi naongeza kumi!"

"Ongezeni kando. Aliyeweka vyote hafukuzwi mchezoni. Nikishinda, nachukua kimoja kwa kila mtu, basi."

Ndiyo iliyokuwa sheria. Tunu aliweka kifungo chekundu ubavuni mwa kile cheusi cha Lusajo, Sikujua akaweka cha kahawia. Kisha wawili hao wakaanzisha rundo lao pembeni, wakapandishana mpaka likawa kama kichuguu. Lusajo alikunywa kahawa yake taratibu. Hakuwa na la kuamua tena.

Karata zilipofunuliwa, Lusajo ndiye aliyekuwa na ree tatu, karata kubwa kuliko zote. Rundo kubwa la pembeni lilizolewa na Sikujua, aliyemzidi Tunu.

"Umetushinda," alisema Sikujua, "lakini tazama ulichopata!"

"Nilichokitaka kimo humu," alijibu Lusajo, akafungua kiganja.

Tunu aliangalia vile vifungo vitatu, kisha koti lililoachama kifuani. Akainama kwenye kikapu chake, akatunga uzi kwenye sindano.

"Lete koti. Nishone kipi?"

Lusajo alimpa kile chekundu. Tunu alikipokea bila kuinua macho, na uzi uliokuwa tayari kwenye sindano ulikuwa mwekundu.