Si Choa

Daktari alipaka mafuta kwenye doa la kiunoni mwa Mirumbe, akaweka juu yake kioo cha kukuzia chenye taa, akainama kuchungulia.

"Mzee, hii si choa," alisema hatimaye. "Naona mishipa midogo myekundu iliyojipinda. Nashuku saratani ya ngozi. Nitakata kipande kidogo kipimwe maabara, ndio tujue kwa hakika."

Mirumbe aliduwaa. Miaka yote aliyoambiwa ni choa la kuambukiza, alikuwa na beseni lake, kikombe chake na mkeka wake peke yake. Wajukuu walikatazwa kumkaribia.

"Kwa hivyo haiambukizi?"

"Haiambukizi. Lakini mzee, umenisikia? Nimesema saratani."

Alikuwa amesikia. Hakuelewa basi kwa nini mdomo wake ulitaka kucheka, na macho yalitaka kulia.

Nyuma yake benchi lililia. Mkewe, aliyekuwa amekaa mbali, karibu na mlango, kama alivyozoea, alikuja akasimama kando yake. Kiganja chake, kigumu kwa kazi ya tumbaku, kikatua juu ya lile doa lenye mafuta.

Mirumbe alishtuka. Alikuwa amesahau kiganja hicho kilivyo na joto.