Mkanda Mkate

Wiki moja baada ya kumzika mkewe, Asumini, Mwalimu Semboja alitaka kuandika neno la Kiingereza la heshima kwenye kaburi lake. Akachagua "lady". Ili asikosee, alifungua kamusi kubwa ya asili ya maneno.

Kamusi ilisema kwamba zamani sana neno hilo lilitokana na maneno mawili, na maana yake ilikuwa mwanamke anayekanda mkate.

Alisoma tena, polepole. Kwa miaka thelathini Asumini alikuwa akiamka alfajiri kukanda mikate ya kuuza mtaani. Na kila walimu wenzake walipomtembelea, Semboja alimnong'oneza mkewe, "Leo usipite sebuleni. Nina wageni wasomi." Naye alizungukia uani.

Alimwita binti yake, Rehani, akamsomea.

"Mama alilijua hili?" Rehani aliuliza.

"Hapana. Hata mimi nimelijua leo."

"Angecheka sana, baba."

"Angecheka," alisema, akafunga kamusi.

Alikwenda jikoni akamimina unga kwenye sinia. Maji yakazidi, unga ukamgandia vidoleni. Rehani aliposogea kumsaidia, alimwambia, "Niache kidogo, mwanangu."

Mlango wa nyuma ukabishwa. Alikuwa mwanamke wa mtaa wa pili, aliyerudi kutoka safarini asubuhi hiyo.

"Hodi, Bi Asumini. Mikate ipo?"

Rehani alimtazama baba yake. Semboja alifungua mlango kwa kiwiko, akasimama pale, mikono imejaa unga mbichi.