Kitako cha Kopo

Kabula alishika mchi, akatwanga ndani ya kopo la kupimia maharage mpaka kitako kilichobonyezwa ili kupunja wateja kikarudi chini. Soko zima lilisikia.

"Una wazimu?" alifoka Shangazi, mwenye meza. "Nani hapa hajabonyeza kopo lake?"

"Jana kanisani uliitikia amina, Shangazi. Kipimo cha kushindiliwa, mpaka kimwagike."

"Mtume kashuka!" muuza dagaa alicheka.

"Ya kanisani yabaki kanisani," Shangazi alisema. "Ukipima hivyo, leo kwangu hulali."

Kabula alichota, akashindilia, akaongeza. Mteja alikinga kanga. Maharage yalifurika, yakabingirika mezani, yakadondoka miguuni pa Shangazi.

Kabula akachota tena.