Bado

Sekela alikuwa amelala chali chini ya gari la kunyunyizia dawa nyasi za uwanja wa mpira, akipima umeme waya kwa waya. Juu, kwenye kiti, dereva Mzee Ngasa aliangalia kama taa ya pampu itawaka. Viwavi walikuwa wanazimaliza nyasi, na gari halitoi hata tone.

“Bado?” aliuliza Sekela.

“Bado,” alijibu mzee.

Akabadilisha fyuzi. Akakwangua kutu kwenye swichi mpaka masikio yakaziba kwa kelele.

“Bado?”

“Bado.”

Simu ikatetemeka mfukoni. Mpenzi wake Lusajo tena. Hakuipokea. Jana Sekela alimwuliza, “Unanipenda bado?” Lusajo akajibu, “Bado,” ndipo Sekela akamkatia simu.

Akakaza skrubu ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

“Bado?”

“Bado, mwanangu.”

Akatupa bisibisi, akajiburuta nje, akasimama. Taa ilikuwa inawaka, nyekundu kabisa.

“Mzee, si umesema bado?”

“Nilikwambia imewaka, wakati unakwangua. Ukaniuliza, ‘Bado?’ Nikatazama, nikaona bado inawaka. Sasa ulitaka nikujibu nini?”

Mzee Ngasa akabonyeza kitufe, na nyuma ya gari dawa ikaanza kumwagika juu ya nyasi.

Simu ikatetemeka tena. Sekela aliitazama ile taa, kisha mikono yake iliyojaa grisi, akaanza kuipangusa kwenye ovaroli, haraka haraka, kabla simu haijakatika.