Jani Kwenye Dirisha la Pijo

Tangu Himo, Dominika alikuwa anapiga kelele. “Baba, nimechumbiwa!”

“Eeh, mvua itanyesha tu,” baba akajibu huku akikanyaga mafuta.

Mpira wa dirisha ulishaoza siku nyingi, na ile Pijo ikishika mwendo upepo unapiga mluzi mpaka masikio yanauma. Dominika alitamani kusikika, halafu akaogopa kusikika. Mchumba mwenyewe Mlutheri, na baba ni mzee wa kigango cha Wakatoliki!

Walipofika Mwika, baba akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Dominika akaruka nje, akachuma jani refu kwenye ua wa watu, akalikunja na kulibana kati ya kioo na fremu.

Wakaondoka. Kimya! Jamani, hata pumzi ya baba ilisikika.

Baba akalitupia jicho lile jani. Akapunguza mwendo.

“Hilo si isale?”

Dominika akaganda. Kwa haraka zake wala hakuangalia anachuma nini. Isale ndilo jani la kuombea msamaha, na Mchaga akishaletewa hawezi kukataa, hata roho ikigoma.

“Umekosa nini, mama?” baba akauliza taratibu.

“Nimechumbiwa, baba. Na Mlutheri.”

Baba akakata kona moja. Kisha mabega ya baba yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka!

“Umenifunga mikono kabisa, wewe mtoto! Haya, huyo Mlutheri wako, pombe yetu ya mbege anakunywa?”